Maumivu ya mgongo miaka minne, madaktari watatu, ushauri wa aina tatu: nianzie wapi?

Mshonaji

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo limenichosha mwili na akili. Mimi ni mama mwenye umri wa miaka 46, na kwa zaidi ya miaka 20 nimejipatia riziki kwa cherehani. Mgongo ulianza kuniuma miaka minne iliyopita, siku niliyoinama kuokota mkasi ulioangukia chini ya meza. Nilihisi kama kitu kimekatika kiunoni, nikashindwa kunyooka kwa dakika kadhaa. Nilidhani ni msuli tu umeshtuka, kwa hiyo nilijilaza siku nne, nikachuliwa, nikarudi kazini. Maumivu yalipungua lakini hayakuondoka, na tangu wakati huo yamekaa nami kama mpangaji asiyelipa wala kuhama: wiki mbili yanatulia, ya tatu yanapamba moto bila sababu ninayoweza kuitaja.

Yako kiunoni, pande zote mbili, juu kidogo ya makalio. Huongezeka nikiketi zaidi ya nusu saa, na hasa ninapoinuka kitini. Mara tatu au nne kwa mwaka huteremka kwenye paja la kushoto hadi gotini yakiwaka kama moto, kisha hupoa baada ya siku chache. Sina ganzi, miguu ina nguvu, na sina tatizo lolote la kujizuia kwa haja ndogo wala kubwa.

Mwaka jana nilipigwa picha ya MRI. Taarifa inasema diski mbili za chini kabisa, yaani mito inayokaa kati ya pingili, zimepoteza maji na kubonyea nje, na kwamba ya mwisho inagusa mzizi wa neva upande wa kushoto. Daktari wa kwanza aliitazama picha, akasema pingili zimesagika na kwamba tiba ya kudumu ni kuziunganisha kwa skrubu na vyuma. Wa pili alipendekeza sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, karibu na neva, halafu tuone. Wa tatu hakuikazia macho picha. Alinitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akaniinua mguu mmoja baada ya mwingine nikiwa nimelala chali, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo, halafu akasema ninachohitaji ni mazoezi ya miezi kadhaa chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Nakiri kwamba nilitoka kwake nimeudhika. Nilijiona kama mtu aliyepiga yowe kwamba nyumba inaungua akapewa kikombe cha maji.

Muda huu wote nimekuwa nikimeza vidonge vya maumivu vya diklofenaki karibu kila siku, na mkanda wa kiuno nauvaa kutwa. Nimeacha kuinama, kitu kikianguka humwita mtu aniokotee. Nimeacha kunyanyua majora ya vitambaa. Nimeacha pia kutembea umbali wowote wa maana, kwa sababu yale maneno "pingili zimesagika" hayanitoki kichwani, na kila hatua naona nazidi kuzisaga.

Je, ninapochelewa kufanyiwa upasuaji ninauharibu mgongo zaidi? Je, sindano ni njia ya katikati yenye busara, au ni kuahirisha tu? Na je, mazoezi ni tiba kweli, au ndilo jibu analopewa mgonjwa pale ambapo hakuna la kumpa? Ningependa hasa kuwasikia waliokwisha kusimama kwenye njia panda hii: mlipimaje kabla ya kuchagua?

Mguu wa Kushoto

Pole sana, dada. Mimi nilifanyiwa upasuaji wa diski miaka sita iliyopita na siujutii, lakini nikisoma maelezo yako naona tatizo langu na lako ni ndugu wa mbali tu.

Maumivu yangu yalikuwa ya mguu. Kiuno kiliuma pia, lakini kiuno ningeweza kukivumilia. Kilichonishinda ni ule waya wa moto uliotoka kalioni, ukapita nyuma ya paja na pembeni ya shavu la mguu hadi kwenye kidole gumba. Kwa wiki nyingi nilikula nikiwa nimesimama na kulala nikiwa nimeegemeza goti juu ya mito miwili. Daktari wa upasuaji aliyenihudumia aliniuliza swali moja ambalo nimelihifadhi hadi leo: akiniondolea maumivu ya mguu peke yake na kuniachia ya mgongo kama yalivyo, nitasema amenisaidia? Nilimjibu kwamba nitamshukuru hadi siku ya kufa. Akasema basi tuna la kuzungumza, kwa sababu upasuaji wa kuondoa kipande cha diski kilichochomoka hufanywa kwa ajili ya neva iliyobanwa, si kwa ajili ya kiuno kinachouma. Ikawa kama alivyosema. Nilizinduka mguu umepoa. Mgongo wenyewe unanisumbua mpaka leo, na ninaushughulikia kwa njia nyingine.

Hata kwa mgonjwa wa aina yangu, kisu hakikuwa lazima kwa kiasi nilichodhani. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007, ambamo watu 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa kwa kura: kundi moja lifanyiwe upasuaji mapema, la pili liendelee kutibiwa bila kisu, na upasuaji uwekwe akiba kwa watakaoshindwa kuvumilia. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, katika kila kundi takriban watu 95 kwa kila 100 walisema wamepona, na katika kundi lililosubiri ni watu 39 tu kwa kila 100 waliokuwa wameishia kupasuliwa. Nilizisoma takwimu hizo mara kadhaa kabla ya kuelewa maana yake kwangu: huenda ningepona hata bila kisu, ila kisu kingeniwahisha. Nilikuwa nimekwisha kusubiri miezi mitano na kazi ilikuwa ukingoni, kwa hiyo niliona kuwahishwa huko kunanistahili. Mwingine angepima vingine, na asingekosea.

Kwa hiyo jiulize swali lile la daktari wangu. Kwa ulivyoandika, mguu wako unalalamika siku chache kwa mwaka na mgongo siku zilizobaki. Dharura ni kitu kingine kabisa: ukishindwa kukojoa au kujizuia, ukipata ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, au miguu ikilegea ghafla, usingoje kupambazuke, hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Fundi Viungo

Nafanya kazi ya fiziotherapia, kwa hiyo mnisome mkijua naegemea upande gani.

Nianze na maneno "pingili zimesagika", kwa sababu naona yamekudhuru kuliko diski zenyewe. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI watu 98 wasioumwa mgongo, wakakuta watu 52 kwa kila 100 wana angalau diski moja iliyobonyea. Mwaka 2015 yakachapishwa mapitio ya tafiti 33 zilizowahusu watu 3,110 wasio na maumivu: diski zilizochakaa zilionekana kwa watu 37 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 20, na zikawa zinaongezeka kadiri umri ulivyopanda hadi kufikia 96 kwa kila 100 wenye miaka 80. Wewe uko katikati ya ngazi hiyo. Kidole cha mshonaji wa miaka mingi kina sugu. Mtu akiitazama sugu hiyo hawezi kujua kama kidole kinauma au hakiumi. Picha huwa na uzito pale inapokubaliana na mwili, na hilo ndilo alilokuwa akilitafuta yule daktari wa tatu. Kutembea kwa visigino hupima misuli inayotegemea neva ya tano ya kiuno. Kutembea kwa ncha za vidole hupima ile inayofuata chini yake. Kuinua mguu ulionyooka huonyesha kama neva inalalamika ikivutwa. Hakukudharau, dada. Kati ya hao watatu, yeye ndiye aliyekupima.

Kuhusu kuunganisha pingili kwa sababu ya maumivu ya kiuno yasiyo na chanzo maalumu, kuna tafiti tatu ambazo ni vizuri kuzisoma pamoja. Ile ya Sweden ya mwaka 2001, yenye wagonjwa 294, iliona kwamba waliounganishwa pingili walipata nafuu kuliko ambao hawakupasuliwa. Ile ya Norway ya mwaka 2003, yenye wagonjwa 64, haikuona tofauti ya maana. Ile ya Uingereza ya mwaka 2005, yenye wagonjwa 349, iliona tofauti ndogo mno ukilinganisha na hatari za upasuaji. Ukitafuta kwa nini majibu hayafanani, utaona jambo liko kwa wale ambao hawakupasuliwa. Nchini Sweden waliendelea na tiba za kawaida zisizo na mpango mmoja, zinazofanana na zile ambazo tayari zilikuwa hazijawasaidia. Nchini Norway na Uingereza walipewa programu nzito ya mazoezi ya takriban wiki tatu, pamoja na mafunzo ya kuondoa hofu ya kuutumia mgongo. Kisu kikishindanishwa na tiba hafifu kinashinda. Kikishindanishwa na mazoezi yaliyosimamiwa kwa dhati, ushindi wake hauonekani. Ndiyo maana mwaka 2016 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilishauri upasuaji huo usitolewe kwa maumivu ya aina hii isipokuwa ndani ya utafiti.

Kuchelewa kwako hakujaharibu kitu. Kwa mtu ambaye miguu yake ina nguvu na haja anaizuia, kuunganisha pingili si jambo la dharura; mlango huo utakuwa wazi mwakani kama ulivyo leo, ilhali pingili zikishaunganishwa hazitenganishwi tena. Sindano nayo hulenga neva: husaidia maumivu ya mguu kwa kiasi na kwa muda mfupi, na kwa kiuno chenyewe haina msaada wa kuutegemea. Kwa paja linalowaka mara tatu kwa mwaka na kupoa lenyewe, sindano itakuwa inamfukuza mgeni ambaye tayari ameshika njia.

Sasa mazoezi. Nisikudanganye kwamba yanafuta maumivu. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 249, yaliona kwamba kwa kipimo cha 0 hadi 100 mazoezi hupunguza maumivu sugu ya kiuno kwa takriban pointi 15 kuliko kutotibiwa au kupewa tiba za kawaida. Ni nafuu ya kadiri. Hata hivyo, ni nafuu inayopatikana bila kukatwa na bila kidonda cha tumbo, na inaambatana na kitu ambacho pointi hazikipimi vizuri, yaani mtu kurudia kuuamini mwili wake. Usitafute zoezi la siri, maana mengi huleta matokeo yanayokaribiana. Chagua lile utakalolifanya tena kesho.

Kosa ninalolikuta kila wiki kwa wagonjwa wangu ni hili: siku mgongo umetulia mtu hufanya kazi zote alizolimbikiza, siku ya pili analala kitandani, siku ya tatu anasema mazoezi hayamfai. Tafuta kipimo unachokiweza hata siku mbaya. Kama siku mbaya unaweza kutembea dakika nane, basi tembea dakika nane kila siku kwa wiki nzima, hata siku unayojisikia kuweza 30, kisha uongeze dakika moja au mbili. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na kushuka kabla ya asubuhi, endelea. Yakibaki juu hadi siku ya pili, punguza kipimo lakini usiache. Kutembea kwenyewe si jambo dogo: utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno, na waliopewa mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa siku 208 kwa wastani wa kati (yaani nusu yao walikaa zaidi ya hapo) kabla ya maumivu kurudi, wakati wasiopewa chochote walikaa siku 112.

Mkanda uvue taratibu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haiupendekezi, kama isivyopendekeza mashine za kuvuta mgongo.

Nina swali moja kabla sijaendelea, kwa kuwa maumivu yalikuanza ukiwa na miaka 42. Je, asubuhi mgongo hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, ukalegea kadiri unavyotembea, na je, hukuamsha usiku wa manane ukalazimika kuinuka? Kama ndiyo, daktari anapaswa kuchunguza ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo, ambao una dawa zake na hautibiwi kwa njia tunayoijadili hapa.

Skrubu Nne

Sina ubishi na takwimu za Fundi Viungo, lakini naomba msomaji asitoke hapa akiamini kwamba kila mwenye vyuma mgongoni alidanganywa.

Pingili yangu moja ilikuwa imeteleza mbele ya mwenzake, na mfereji wa neva ukawa mwembamba. Kiuno kiliuma, lakini kilichonifunga ni miguu: nikitembea hatua mia moja hivi inakuwa mizito kama iliyojaa mchanga, mpaka niketi au niiname mbele ndipo ilegee. Nilifanya mazoezi kwa mwaka mzima na mtu anayeijua kazi yake, nikapata nafuu ya mgongo, miguu ikabaki vilevile. Nikakubali kufunguliwa mfereji na kuunganishwa pingili mbili. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa migumu kuliko nilivyoambiwa, na hadi leo kuna namna ya kuinama ambayo siipati tena. Lakini natembea.

Niongeze kwamba hata kwa ugonjwa kama wangu wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 2016 jarida moja la tiba lilichapisha katika toleo moja tafiti mbili, ya Sweden na ya Marekani, zilizouliza kama kuunganisha pingili kunaongeza faida juu ya kufungua mfereji peke yake. Ya Sweden ilijibu hapana. Ya Marekani iliona faida kidogo. Mimi niliambiwa hayo kabla ya kutia saini, na namshukuru aliyeniambia. Dada, kabla hujamkataa au kumkubali yule daktari wa kwanza, mwulize kitu kimoja: zaidi ya diski zilizokauka, ameona nini hasa kwenye mgongo wako ambacho skrubu zitakirekebisha? Akikuonyesha pingili iliyoteleza au inayocheza, mazungumzo ni mengine. Akirudia kwamba zimesagika, umepata jibu lako.

Mlinzi wa Usiku

Wote mmezungumzia mgongo. Mimi naomba kuzungumzia tumbo. Nilimeza dawa ya jamii ya diklofenaki kila siku kwa miezi minane, kwa sababu bila hiyo sikuweza kumaliza zamu. Choo kikawa cheusi kama lami, nikadharau, nikaanguka kazini. Nililazwa na kuongezewa damu kwa kidonda cha tumbo ambacho sikujua kama ninacho. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ileile inayoulinda ukuta wa tumbo, na zikitumiwa muda mrefu huweza kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa mtu anayemeza pia vidonge vya presha. Hazikatazwi, Fundi Viungo anajua kwamba hata miongozo ile aliyoitaja inaziruhusu. Lakini hutolewa kwa dozi ndogo inayotosha na kwa muda mfupi unaowezekana, na mtu wa kumeza mwaka mzima anastahili kupimwa damu, figo na presha, na kuulizwa kama anahitaji dawa ya kulinda tumbo. Je, kuna daktari yeyote kati ya hao watatu aliyekuuliza unameza nini?

Baada ya kulazwa nilihamishiwa tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Sitaki kuirefusha hadithi hiyo. Nilipata choo kigumu na usingizi wa kazini, ambao kwa mlinzi ni kufukuzwa, na kuiacha kulichukua miezi, kwa kupunguza kidogo kidogo chini ya daktari. Baadaye nilisoma kwamba utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2018 uliwafuata kwa miezi 12 watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti; waliopewa dawa za jamii ya afyuni hawakuweza kufanya shughuli zao vizuri kuliko waliopewa dawa nyingine, na maumivu yao yalikuwa makali kidogo zaidi. Ningejua mapema ningeuliza maswali zaidi kwenye dirisha la dawa.

Mshonaji

Nawashukuru wote kwa kunichukulia kwa uzito. Nimeyasoma majibu haya mara tatu, na mara ya nne nilimsomea mume wangu.

Fundi Viungo, asubuhi mgongo hukakamaa dakika kumi hivi, ukalegea nikishanawa uso, na usiku huamka ninapogeuka tu kisha nikalala tena. Ndugu Mlinzi, hakuna aliyeniuliza. Nimepangiwa kupimwa damu na presha wiki hii, na tangu juzi dawa naimeza siku ile tu inaponishinda. Ndugu Mguu wa Kushoto, nililijibu swali la daktari wako kwa uaminifu: nikiondolewa maumivu ya paja peke yake, siku nyingi za mwaka nisingejua kwamba nimetibiwa. Nadhani hilo limeamua kuhusu sindano, angalau kwa sasa.

Nimemrudia pia daktari wa kwanza na swali la Skrubu Nne. Alikuwa mpole kuliko nilivyomkumbuka. Aliniambia hakuna pingili iliyoteleza, hakuna inayocheza, mfereji ni mpana, na kwamba kama ningetaka kujaribu mazoezi kwanza hana kipingamizi. Nilitamani kumwuliza kwa nini hakuyasema hayo mwaka jana, lakini nilinyamaza.

Kwa hiyo nimeamua kuanza na yule wa tatu, kwa miezi mitatu isiyo na mchezo, halafu nipime. Sitapima kwa maumivu peke yake, kwa kuwa nayajua, huwa yanapanda na kushuka yatakavyo. Nitapima kwa kuweza kushona gauni moja hadi mwisho, kunyanyua jora mwenyewe, na kutembea nusu saa. Natembea dakika saba sasa. Mkanda nauvaa nusu siku.

Kilichobaki ni kuinama, na hapo naomba nisaidiwe, maana naona aibu hata kuandika. Najua mlivyosema kuhusu diski. Kichwa kimekubali. Lakini mkono ukishuka chini ya magoti mwili wote unakaza na jasho linanitoka, kwa kuwa naikumbuka siku ile. Je, nikikunja mgongo, diski haitachomoka?

Fundi Viungo

Hakuna la kuonea aibu. Mwili wako ulijifunza somo hilo kwa siku moja, na umelirudia kwa miaka minne bila kulipinga. Diski haikai katikati ya pingili kama sabuni kwenye kiganja chenye maji. Imeshikamana nazo juu na chini, imezungukwa na kano imara, na imeumbwa kwa ajili ya kukunjwa. Kuinama mara moja kuokota kitu chepesi hakuichomoi. Unachokihisi unapokaza hivyo ni misuli inayojiandaa kwa ajali, na misuli iliyokaza kutwa nzima huuma yenyewe.

Usianze na kuinama ukiwa umesimama. Keti kitini, tenganisha miguu, pumua nje, uteleze mikono juu ya mapaja hadi magotini, urudi. Fanya mara kumi, asubuhi na jioni. Wiki ijayo ishuke hadi katikati ya miguu, inayofuata hadi kwenye vifundo, huku mgongo ukiuacha ujikunje bila kuulinda. Ukiweza kugusa sakafu ukiwa umeketi na pumzi haikukatika, ndipo usimame na kurudia hivyohivyo, kwanza mikono ikiishia kwenye kiti, kisha kwenye kigoda, kisha chini. Mwambie anayekuokotea vitu apumzike siku moja kwa wiki, halafu mbili. Na ukifika kwenye sakafu, weka hapo kitu chepesi cha kuokota. Kama moyo unakubali, uwe ule mkasi.